Ikitangazwa dhoruba kubwa, watu wa mabondeni hapa Mwanza tuwakimbizie wapi?

Mjumbe_Mirongo

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Naombeni mawazo yenu kwa hili maana linanikosesha usingizi. Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa hapa Mwanza mjini, mtaa wetu kwa chini unagusa mto Mirongo, kwa juu nyumba zimepanda mlimani katikati ya yale majabali mnayoyajua. Juzi kati imezunguka meseji kwenye magrupu ya WhatsApp eti kuna kimbunga kinatokea ziwani kinaingia mjini usiku, watu wahame. Haina tarehe, haina jina la aliyetoa, ila imetisha watu kweli. Kuna mama hapa jirani alibeba watoto wake na ndoo ya nguo akaenda shuleni, akakuta geti lina kofuli na mlinzi hana funguo za madarasa, akakaa pale kwenye kibanda cha mlinzi mpaka kunakucha.

Meseji yenyewe naamini ni ya uongo, lakini yule mama hakufanya ujinga. Alisikia hatari akatafuta ukuta imara. Sasa siku TMA wenyewe, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakisema dhoruba inakuja, mimi napita na spika nawaambia watu tokeni mabondeni, mtu akiniuliza "tuhamie wapi?" sina jibu. Mtaa hauna jengo, ofisi yenyewe ni chumba kimoja cha kupanga. Kwahiyo nauliza nyie mliowahi kuishi sehemu zinazopigwa na vimbunga, au mnaojua haya mambo ya hali ya hewa, kimbunga kinaweza kufika Mwanza au tunaogopa bure? Na kama ni hizi dhoruba zetu za ziwani, watu wapelekwe wapi, shule, kanisani, uwanja wa CCM Kirumba, au wapande mlimani? Nataka niingie kwenye kikao na kitu kilichoandikwa.

Wingu_Jeusi

Mjumbe, hongera kwa kulibeba hili. Nianze na hiyo meseji. Kimbunga cha bahari, vile vyenye majina kina Idai, Kenneth, Hidaya, hakizaliwi Ziwa Victoria. Kinataka bahari kubwa yenye joto la nyuzi 26.5 hivi kwenda juu, afu kinataka ule mzunguko wa dunia uupinde upepo mpaka uanze kujizungusha, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni ndogo mno. Kwa kawaida havizaliwi ndani ya nyuzi 5 za latitudo kila upande wa ikweta, na Mwanza tupo kama nyuzi 2 na nusu kusini. Hata kinachotoka Bahari ya Hindi kikishapanda nchi kavu kinaanza kufa maana yale maji ya moto yaliyokuwa yanakipa nguvu hakiyapati tena. Hidaya mnakumbuka, Mei 4, 2024 kilipoingia Mafia kikapoteza nguvu, na kutoka Mafia mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 900 afu ziwa letu lipo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwahiyo hilo waambie watu kwa uhakika kabisa.

Ila usiishie hapo ukawaambia tupo salama. Dhoruba za ziwa hili zinaua, na zina tabia yake. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuja huku. Usiku inageuka, nchi inapoa, ziwa linabaki na joto lake, upepo unatoka pande zote za nchi kavu unakwenda kukutana huko katikati ya maji, hewa inapanda, mawingu yanajengeka, ndo unasikia radi kuanzia usiku wa manane mpaka alfajiri. Na usisahau Mwakata kule Kahama, Machi 2015, mvua ya mawe na upepo wa usiku mmoja tu, watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wamefunikwa na kuta za nyumba zao za tope wakiwa wamelala. Pale hakikuhitajika kimbunga chenye jina.

Tofauti kubwa kwa mpango wako ni muda. Kimbunga cha bahari TMA wanakiona siku kadhaa kabla, watu wanaweza kupanda basi wakaondoka mkoa mzima. Dhoruba ya huku utapata angalizo la jumla jana yake, lakini wingu lenyewe likishajengeka una masaa machache, pengine lisaa. Hakuna atakayetoka Mabatini akaenda kulala Buhongwa kwa daladala saa 8 usiku kwenye mvua. Sehemu ya kukimbilia lazima iwe ya kutembea kwa miguu na mtoto mgongoni.

Jiwe_Kuu

Mimi naona rahisi tu, sisi tuna bahati ya milima. Maji yakija watu wapande juu, Mwanza nzima ni mlima. Pwani ndo hawana pa kupanda.

Wingu_Jeusi

Jiwe_Kuu hapo nakupinga mkuu, na nakupinga kwa nguvu kwasababu ushauri huo unaweza kuua mtu. Angalia Blantyre, Malawi, Machi 2023. Ile ni nchi haina bahari kabisa lakini mabaki ya kimbunga Freddy yalikaa juu yao yakamwaga mvua siku baada ya siku, na waliokufa wengi Blantyre ni watu waliojenga kwenye miteremko, Chilobwe, Ndirande kule. Tope na mawe vilishuka usiku watu wamelala. Malawi nzima ukijumlisha waliokufa na ambao hawakupatikana wanapita 1,000. Afu miezi tisa baadae yakatukuta wenyewe, Katesh chini ya mlima Hanang, Desemba 3, 2023, zaidi ya watu 80.

Majabali ya Mwanza makubwa yale yamekaa miaka na miaka, sawa, lakini nenda Igogo au Mabatini uangalie watu walivyochimba udongo chini ya mawe kupata kiwanja, walivyokata miti, maji ya mvua yanavyopita katikati ya nyumba. Udongo ukilowa ule ndo unaoachia. Kwahiyo mjumbe, watu wako wa bonde ni kundi moja na watu wako wa mteremko ni kundi lingine, na wote wawili wanatakiwa kuhama, wanakutana katikati kwenye tambarare iliyoinuka kidogo mbali na mkondo wa maji. Kuwapandisha wa chini juu ni kuwatoa kwenye maji ukawaweke chini ya jiwe.

Kuchele_MTW

Nachangia kutoka Mtwara. Aprili 2019 tulitangaziwa Kenneth, shule na ofisi zikafungwa tarehe 25, gari la matangazo linapita mitaani watu wa karibu na bahari waondoke waende sehemu zilizoinuka. Mimi nilimchukua mama yangu Shangani tukaenda kwa shangazi. Kile kimbunga kikaenda kutua Msumbiji, Cabo Delgado kaskazini ya mji wao wa Pemba, kikawaumiza wenzetu vibaya sana, huku kwetu tukapata mvua na upepo tu.

Nilichokiona mimi ni hiki. Wengi waliohama walihamia kwa ndugu, sio kwenye majengo ya serikali. Na hilo ni zuri, mjumbe liweke kwenye karatasi yako, kila kaya ya bondeni iwe na kaya mwenyeji ya sehemu salama ambayo wameshaongea kabla. Jengo la umma libaki kwa wale wasio na ndugu, wapangaji wageni, wanafunzi waliopanga, wavuvi. Ukijaribu kuwajaza wote shuleni hutaweza.

Afu jambo la pili ni gumu zaidi. Kenneth alipotukosa, watu mtaani wakaanza kusema tumesumbuliwa bure. Hidaya alipotangazwa 2024 kuna wazee niliwasikia kabisa wanasema "kama kile cha mwaka ule tu". Kila ukihamisha watu dhoruba ikapita pembeni unapoteza kidogo imani yao, kwahiyo waambie mapema kabisa kwamba tutahama mara nyingi bila kitu kutokea na hiyo ndo kazi yenyewe, usisubiri wakose kupigwa ndo uanze kujieleza.

Mama Pendo wa Igogo

Kaka mjumbe mimi nasema kama mwenye nyumba ya bati chakavu huku Igogo. Nikisikia tangazo lako nitakusikiliza ila sitoki. Nina mbuzi, nina kuku, nina godoro na luninga nimenunua kwa kudunduliza. Usiku wa mvua kubwa mwezi wa nne wezi walipita nyumba za watu waliokwenda kulala kwa majirani wakachukua mpaka masufuria. Nikaona kwa macho yangu. Sasa mwanamke peke yangu na watoto niache vitu vyangu nikalale kwenye sakafu ya darasa na wanaume nisiowajua, choo kiko gizani huko nyuma? Ulinzi utakuwa wa nani? Kwanza jibu hilo ndo uniambie nihame.

Mjumbe_Mirongo

Dada Mama Pendo nimekuelewa vizuri sana na nashukuru umesema wazi. Wangapi mtaani wanafikiri hivyo hivyo wamekaa kimya.

Mbongo_wa_Houston

Mama Pendo usifikiri ni wewe tu, hilo la mbuzi limetokea hadi Marekani. Kimbunga Katrina, Agosti 2005, New Orleans, watu wengi waligoma kuondoka kwasababu ya mbwa na paka wao, magari ya kuokoa yalikuwa hayapakii wanyama. Mwaka uliofuata, 2006, wakatunga sheria kwamba mipango ya kuhamisha watu lazima ihesabu na wanyama. Kwahiyo mjumbe kwenye plani yako weka na kona ya mbuzi, hata ni uwanja wa shule wenye uzio na kamba, watu watatoka.

Naishi huku Texas miaka mingi, nieleze kidogo kuhusu Katrina maana naona kuna mtu ameuliza uwanja wa mpira. Amri ya lazima ya kuhama jiji ilitolewa Agosti 28 asubuhi, kimbunga kikatua kesho yake Agosti 29. Wenye magari waliondoka. Maskini, wazee, wasio na gari walibaki, maelfu kwa maelfu, wakaambiwa waende Superdome, uwanja mkubwa wenye paa. Upepo ukachana sehemu ya paa, umeme ukakatika, vyoo vikafurika, watu wakakaa mle siku kadhaa kwenye joto la ajabu. Kuta za kuzuia maji zilipovunjika asilimia 80 ya jiji ikawa chini ya maji, na kuna picha ilizunguka dunia nzima ya mabasi ya shule yamepangwa kwenye yadi, yamezama mpaka madirishani. Yale mabasi yangeweza kubeba wale watu! Yalikuwepo, madereva hawakuwepo, hakuna aliyekuwa amepanga nani anaendesha.

Wiki chache baadae kimbunga Rita kikaja upande wetu wa Houston. Kwa woga wa Katrina watu zaidi ya milioni 2 wakaondoka kwa mpigo, barabara zikaziba, watu wamekaa kwenye foleni siku nzima kwenye jua bila maji wala mafuta. Basi moja lililobeba wazee likaungua njiani wakafa 23. Vifo vya Rita huku Texas vingi vilitokana na kule kuhama, sio upepo. Ndo maana huku wanafundisha kwamba maji ndo unayakimbia, upepo unajifichia ndani. Anayehama ni yule ambaye nyumba yake itaingia maji au itaanguka. Aliye kwenye nyumba imara sehemu kavu akae ndani kwake, aache nafasi kwa wenzake.

Na CCM Kirumba hapana. Ule uwanja uko wazi juu, utawanyeshea watu mvua na radi. Labda asubuhi yake kugawa misaada.

Ticha_Kusini

Mimi ni mwalimu shule ya msingi hapa jijini, nisaidie kwa upande wa madarasa.

Kwanza hesabu. Viwango vya kimataifa vya makazi ya dharura ni mita za mraba 3.5 kwa mtu mmoja kama atakaa siku kadhaa. Chukua darasa la mita 7 kwa 9, hiyo ni 63, gawanya kwa 3.5 unapata watu 18 tu. Kwa usiku mmoja wa kujificha ukiwabana mpaka mita 2 kwa mtu unapata kama 31. Shule yenye madarasa 10 mazima ni watu 300 hivi kwa usiku mmoja, basi. Mtaa wako una watu wangapi wa bondeni? Hesabu hiyo uifanye kabla ya kikao maana kila mtu anafikiri shule inameza mtaa mzima. Vyoo ndo kabisa, tundu moja kwa watu 50 mwanzoni, mkizidi kukaa iwe 20, na maji lita 15 kwa kila mtu kwa siku. Shule yenye bomba moja linalotoka maji kwa mgao haiwezi bila simtanki kujazwa mapema.

Pili, sio kila darasa linafaa. Ingia uangalie juu. Kama kenchi zimeshikwa na misumari tu bila kufungwa na waya au chuma kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, upepo ukiingia kwa dirisha lisilo na kioo unanyanyua paa lote kwa chini. Darasa dogo lenye dari na kuta za ndani ni bora kuliko bwalo. Na nasema hili kwa heshima zote kwa viongozi wa dini, makanisa mengi ya mtaani yana paa pana bila nguzo katikati na mabati mepesi, kwenye upepo ni hatari, kwenye mafuriko bila upepo hayana shida. Ofisi ya walimu na stoo ndo mara nyingi vyumba imara kuliko vyote, weka humo wazee na wajawazito.

Sasa funguo. Huyo mama wa kwenye geti ameniuma sana kwasababu najua inavyokuwa. Shule nyingi funguo za madarasa anakaa nazo mwalimu mkuu au msaidizi wake, na wengi wanaishi mbali, mwingine anaishi Igoma shule iko Mkuyuni. Mlinzi ana geti tu, na akifungua bila ruhusa kesho dawati likipotea anakatwa mshahara yeye. Huwezi kumlaumu mlinzi. Kinachotakiwa ni makubaliano ya maandishi kati ya mtaa, kamati ya shule na mwalimu mkuu, funguo seti ya pili inakaa kwa mtu anayeishi jirani na shule, jina lake na la msaidizi wake, na imeandikwa kabisa lini anafungua bila kumpigia mtu simu. TMA wana ngazi zao, angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Mimi ningesema ikifika tahadhari kwa mkoa wetu madarasa mawili yanafunguliwa jioni hiyo hiyo kabla ya giza, ikiwa tahadhari kubwa yote.

Dagaa_Mwaloni

Mbona wavuvi mmetusahau. Nina mitumbwi ya dagaa natoka Kirumba. Vijana wanaingia majini jioni, usiku wa giza mwezi haupo ndo wanawasha taa na kuvua, yaani wako katikati ya ziwa muda ule ule Wingu_Jeusi aliosema dhoruba inajengeka. Hawa shule yenu haiwasaidii kitu. Kinga yao ni saa 10 jioni mwaloni kabla injini haijawashwa.

Tatizo nalijua kutoka ndani. Utabiri wa ziwa upo, upepo na mawimbi, TMA wanautoa. Unafika kwenye simu ya mwenye chombo, na mwenye chombo amekopa mafuta na barafu, ana deni, kijana hana sauti ya kusema mimi leo sitoki. Majaketi ya kuokolea nimeona kambi moja yamefungiwa stoo bado kwenye nailoni zake yasichakae, yanatolewa siku ya ukaguzi. Hiyo inaniuma mpaka leo. Mimi kwangu nahodha ndo mwenye neno la mwisho, akisema upepo sio wenyewe simdai siku hiyo. Na makambi ya visiwani, vibanda mabati juu mpaka chini, upepo ukija bati linaruka linakata watu. Kule kuna jengo moja tu imara mara nyingi, zahanati au shule kama ipo. BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia mwalo, ndo zinatakiwa kuwa na funguo na kipaza sauti, sio ofisi iliyoko mjini.

Nesi_Isamilo

Naongezea upande wa wagonjwa. Mjumbe, kila balozi wako wa nyumba kumi awe na daftari la watu ambao hawawezi kutembea wenyewe. Mzee aliyepooza, mama aliyejifungua kwa opresheni juzi, mtoto mwenye ulemavu, mtu anayetumia oksijeni nyumbani. Pembeni ya kila jina andika nani atambeba na kwa njia gani, maana usiku wa mvua bodaboda hayupo. Machela ya kubebea inatengenezwa kwa miti miwili na turubai, iwepo kabla.

Dawa. Watu wa presha, sukari, TB, ARV waambiwe kila msimu wa masika na vuli waweke dawa na kadi ya kliniki kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vitambulisho, uning'inie mlangoni. Wakikimbia wanabeba huo kwanza. Beira kule Msumbiji Idai alipopiga usiku wa Machi 14, 2019 upepo ulifanya uharibifu mkubwa lakini baada yake mito ilifurika, afu ndani ya wiki mbili kipindupindu kikaingia, ikabidi wachanje watu laki kadhaa. Kwahiyo sehemu ya kukimbilia bila maji safi na sabuni mnahamisha watu kutoka hatari moja mnawaingiza nyingine.

Na kwa Mama Pendo, wanawake wa Bangladesh walikuwa wanasema maneno yako hayo hayo. Kwenye kimbunga cha mwaka 1991 kule wanawake wengi walikufa kuliko wanaume, na moja ya sababu ni kwamba majengo ya kujificha hayakuwa na faragha, mwanamke anaona bora abaki nyumbani. Waliibadilisha hiyo. Sasa hivi nusu ya watu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba ni wanawake, kuna vyumba vya wanawake peke yao, na majengo mengi ni shule zilizojengwa juu ya nguzo, maji yanapita chini. Ile nchi 1970 ilipoteza zaidi ya watu 300,000 kwa kimbunga kimoja, Mei 2020 kimbunga Amphan kilipokuja wakahamisha zaidi ya milioni 2, vifo vikawa makumi. Ni nchi maskini kama sisi. Chumba cha wanawake kiwe karibu na choo, taa ya sola iwe njiani na chooni, mlangoni akae mama wa mtaa anayefahamika.

Kuchele_MTW

Kitu kimoja nilisahau. Upepo ukitulia ghafla msiruhusu watu watoke kwenda kuangalia mabati yao. Kwenye kimbunga cha bahari jicho likipita panakuwa shwari kabisa, afu unarudi kwa nguvu kutoka upande mwingine. Kwenu huko sio jicho ila waya za umeme zilizodondoka na madaraja yaliyoliwa na maji gizani vinaua vilevile. Mpaka kuche.

Mjumbe_Mirongo

Wakuu Mungu awabariki, nimeprinti yote. Nimekaa leo na mwenyekiti wa mtaa na mabalozi wawili tumeanza kuandika. Tumekubaliana kupeleka kikaoni hivi, shule mbili zilizoko kwenye tambarare ndo sehemu za kukimbilia, kanisa ni kwa mafuriko tu siku ambayo hakuna upepo, uwanja wa mpira tumeufuta. Mabalozi wanaanza kupita kaya za bondeni na za mteremko, kila kaya itaje ndugu au rafiki atakayewapokea, wasiokuwa na mtu ndo tunawahesabia madarasa. Daftari la wagonjwa dada Nesi nitalifanya mwenyewe.

Mama Pendo, kuhusu ulinzi, sungusungu wetu wapo na mgambo wawili, tumesema usiku wa tahadhari nusu yao wanabaki mtaani kwenye nyumba zilizohamwa kwa sehemu zisizoingia maji, na nusu shuleni. Godoro na luninga vya wa bondeni vinapandishwa mchana kwenye stoo ya balozi, vinaandikwa jina. Mbuzi wanafungwa uwanja wa shule upande wa bustani. Dada nakuomba, kama utakubali, wewe ndo ukae mlango wa chumba cha wanawake, watu wa Igogo wanakujua.

Ticha, kilichobaki kigumu ni funguo. Mwalimu mkuu wa shule moja amesema hana tatizo ila anaogopa madawati na vitabu, anataka barua kutoka ngazi ya juu. Nifanyeje?

Mama Pendo wa Igogo

Nakubali. Ila taa ya chooni niione inawaka kwanza.

Ticha_Kusini

Mjumbe usisubiri ngazi ya juu ianze, ianzishe wewe. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazitambua kamati za maafa mpaka ngazi za chini, kwahiyo muhtasari wa kikao chenu wenye sahihi na muhuri wa mtaa upeleke kwa mtendaji wa kata, yeye ndo anauandikia barua kwa mkuu wa shule na nakala kwa afisa elimu kata. Ambatanisha orodha ya vitu vya kila darasa, madawati mangapi, viti vingapi, mlango una hali gani, mmesaini wewe na mwalimu mkuu wote wawili, na mtaa unaahidi kulipa kitakachoharibika. Vitabu vihamishwe chumba kimoja kinachobaki kimefungwa. Mimi mkuu wangu alipoona orodha ya namna hiyo alikubali siku hiyo hiyo, kilichokuwa kinamtisha ni kuachiwa hasara peke yake.

Funguo ya pili chonga sasa hivi, fundi wa pale sokoni anachonga ukisubiri. Na namba 114 ya zimamoto na uokoaji iandikwe kwa rangi ukutani getini, kwa herufi kubwa.

Mjumbe_Mirongo

Asante sana Ticha. Muhtasari naandika usiku huu, kesho asubuhi nipo kwa mtendaji.